Mkate Mtupu Uitwao Evaristo

Jioni ile Evaristo Cárcamo alisimama katika duka la mkate la Mama Zunilda, mtaa wa Matta, kama mlingoti. Watu wanampita kulia, wanampita kushoto, wanatoka na mikate ya moto kwapani, yeye yupo tu. Alikuwa mgeni jijini Santiago, katoka visiwa vya kusini kufanya ufundi wa viti, na kwao mtu akiingia dukani husalimia, huulizwa habari za kondoo, ndipo akahudumiwa.

"We mwembamba," binti wa kaunta akamwita, "unanunua, au wewe ndiye unayeuzwa?"

Foleni ikacheka. Binti alivaa sweta ya manjano iliyokunjwa hadi viwikoni, na unga ulikuwa umemkaa kwenye nyusi moja, ikaonekana imezeeka kabla ya mwenzake. Akamwonyesha kidude chekundu ukutani kinachotoa vikaratasi vya namba. Hapa, alimwambia, hata askofu huchukua namba.

Evaristo akachukua. Zamu yake ilipofika alikuwa amesahau alichofuata. Akainua macho kwenye ubao mweusi juu ya kichwa cha binti, ulioandikwa sandwichi kwa chaki, na hakuna hata moja aliyoijua. Akaomba ya kwanza. Akaletewa nyama na jibini iliyoyeyuka, akaambiwa ina jina la rais mmoja wa zamani aliyekuwa haagizi kingine maishani.

"Kwa hiyo mtu akishikilia kitu kimoja miaka yote, mnakipa jina lake?"

"Akiwa rais."

"Na fundi viti?"

"Fundi viti hulipa, akapisha wenzake."

Ndivyo alivyoanza kuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi akashuka mstari mmoja wa ubao. Binti aliitwa Nélida, mpwa wa Mama Zunilda, naye alijifanya mwalimu wake. Siku ya completo, ule mkate mrefu wa soseji uliozikwa chini ya parachichi, nyanya na mayonezi, alimfundisha kusimama miguu nyuma na kifua mbele, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Mayonezi ikampanda mpaka puani. Nélida akaifuta kwa ncha ya aproni, taratibu kuliko ilivyohitajika, akasema anayetoka msafi kwenye completo hakuila, ameisalimia tu.

Baridi ikaja, harufu ya mafuta ya taa ya majiko ya kuotea moto ikajaa mitaani, na ubao ukabaki na kitu kimoja: chacarero. Nyama, nyanya, maharage mabichi yaliyokatwa membamba kama njiti, na pilipili ya kijani. Evaristo alikuwa akiiruka kila wiki. Pilipili ilikuwa inamtisha kuliko radi.

Jioni moja, Nélida akishusha shata la mlango, Evaristo akamuuliza kama angekubali kuolewa na fundi viti.

"Maliza ubao kwanza, mwembamba wangu. Jumamosi uile yote, usibakishe hata haragwe, nami nitakujibu."

Sasa sikia akili za mwanaume. Ijumaa yake Evaristo alivuka barabara, akaingia duka la mkate la washindani, kwenda kufanya mazoezi. Hortensia, muuzaji wa kule, alipoambiwa sababu, alimpa chacarero. Tonge la kwanza tu, macho yakageuka chemchemi. Hortensia akacheka mpaka akashika mbavu, akamshikia glasi ya maji mdomoni kama mtoto. Na Nélida, aliyetumwa ndimu, akapita mbele ya kioo cha dirisha, akawaona.

Mtaa wa Matta mtu aweza kubadili timu, hata kanisa. Duka la mkate habadili.

Jumamosi Evaristo alikuja na shati limepigwa pasi na ulimi ulioiva.

"Chacarero imekwisha," Nélida akasema bila kuinua uso.

"Mbona naiona pale?"

"Imekwisha kwako. Uliimaliza kwa mwenzangu."

Angeweza kueleza. Lakini mwanaume anasemaje, mbele ya foleni nzima, kwamba alikwenda kufundishwa kula pilipili? Akaweka kikaratasi chake cha namba juu ya kaunta, akatoka. Kabla baridi haijaisha alikuwa kaskazini, Calama, kwenye migodi, akishona viti vya mabasi ya wachimbaji. Mara nyingine alipiga simu dukani. Sauti ya Nélida ilisema, "Duka la mkate, karibu," naye alisikiliza kelele za foleni, kisha akakata.

Miaka ikapita, nywele zikaanza mvi. Siku aliyorudi alisimama kwenye kibanda cha simu kilichokuwa bado pale pembeni mwa duka. Kupitia kioo akamwona Nélida: sweta nyingine, ya bluu, kidole bila pete, unga kwenye nyusi ileile.

"Duka la mkate, karibu."

"Chacarero bado mnayo?"

Akajibu polepole: "Inategemea anayeuliza amefanyia mazoezi wapi."

Akakata simu. Akaingia, akachukua namba, akasubiri kama askofu. Ubao ulikuwa umerefuka. Na mstari wa mwisho kabisa, kwa chaki nene, uliandikwa: *Evaristo*.

Akajiona rais. Akauliza ndani kuna nini.

"Mkate mtupu," Nélida akasema. "Unaufungua, hukuti kitu."

"Ni kweli, mwanangu," bibi mmoja mwenye kikapu akadakia. "Mimi niliwahi kuuagiza."

Foleni haikucheka. Nélida alimweleza kwa sauti ya chini kwamba Hortensia alimfunulia yote siku ya mazishi ya Mama Zunilda. Ijumaa ile hakuikasirikia tena. Alichokasirikia ni kimya kilichofuata.

"Neno moja, mwembamba. Neno moja lilikushinda?"

Evaristo aliomba chacarero. Akasimama miguu nyuma, kifua mbele, akala. Machozi yakamshuka mpaka kwenye kola. Hakubakisha hata haragwe.

"Unalia?"

"Ni pilipili," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Naiogopa. Naiogopa tangu zamani. Nilikwenda kule nijifunze nisije nikalia mbele yako, kisha nikaona haya kusema."

Nélida akachukua mkate mtupu, akaupasua, akaanza kupanga parachichi.

"Pita nyuma ya kaunta," akamwambia. "Aproni ile bado ipo."

Bibi mwenye kikapu akanyoosha shingo. "Binti, kwani siku hizi Evaristo ina nini ndani?"

"Subiri, mama," Nélida akajibu. "Bado najaza."