Jino Linalocheza

Kila jioni baada ya masomo, Mbuke alifanya mazoezi ya netiboli katika uwanja wa shule yao, kata ya Nyasubi mjini Kahama. Alikuwa mlinzi wa goli, na hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Jioni moja aliruka kuzuia mpira, akakutana na kiwiko cha mchezaji mwenzake, Bhoke. Damu ilimtoka mdomoni na jino moja la mbele likaanza kucheza.

Asubuhi mama yake alimpeleka kwa daktari wa meno aliyeitwa Mwamvua.

"Shikamoo, daktari," alisema Mbuke, mdomo ameuziba kwa kanga ya mama.

"Marahaba. Hebu tuone."

Daktari alipitisha juu ya meno yake kifaa chembamba chenye taa, kisha akamwambia aume kwa nguvu. Picha ya meno ikatokea kwenye kompyuta.

"Ya juu na ya chini yanakutana vizuri," alisema daktari. "Jino halijahama. Kula vyakula laini, litakazika lenyewe."

Mbuke hakuinuka kitini. "Hapana, daktari. Nikiuma, hili linagonga kwanza, halafu linasukumwa."

"Mashine hii inaona hata unywele. Picha hii hapa."

"Picha haisikii maumivu. Mimi ndiye ninayeyasikia."

Mama alimfinya bega. "Mbuke, usimbishie daktari. Kazi hii ameisomea."

"Simvunjii heshima, mayu," Mbuke alimjibu mama yake kwa Kisukuma. "Lakini nikisema niko sawa, nitakuwa nimedanganya." Machozi yalimlengalenga, ila aling'ang'ania kiti.

Daktari Mwamvua alikunja uso. Hata hivyo, alivaa glavu mpya, akaweka kidole kwenye lile jino. "Uma taratibu."

Jino lilisogea chini ya kidole chake. Akaweka karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno, akamwambia aume tena. Jino lile peke yake lilipata alama ya buluu.

"Mtoto anasema kweli," daktari alimwambia mama. "Alipouma kwa nguvu, jino lilisukumwa, na mashine ikalipiga picha likiwa limesukumwa hivyo. Kwa hiyo yote yakaonekana sawa. Angeondoka hivi, kila mlo ungelilegeza zaidi, mwisho ling'oke."

Alimchoma Mbuke sindano ya ganzi, akalirudisha jino mahali pake, kisha akalifunga kwa waya mwembamba pamoja na meno ya jirani. Wiki kadhaa baadaye waya ulitolewa. Jino lilikuwa imara, na karatasi ya buluu ikaacha alama sawasawa kwenye meno yote ya mbele.

"Nilimfinya bure," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Nami nilimkatalia bure," alijibu daktari. Akamgeukia Mbuke. "Mashine hii ni nzuri, nitaendelea kuitumia. Lakini mtoto anaweza kuwa na heshima na bado akakataa. Mwili wako ukiuma, sema ukweli. Usipoaminiwa, sema tena."