Mbwa Asipewe Maini Mabichi

Nje kidogo ya Kakuma, Akuwam alianza siku kwa kukamua mbuzi. Kisha alichukua mtungi akaenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Maji yenyewe yalikuwa ya taabu. Kwa hiyo mtoto akijichafua, nani angepoteza maji kumwosha? Mbwa alikuwapo. Alimlamba mtoto hadi akatakata, kisha akalamba na sufuria. Hata Akuwam alilelewa hivyo, na hakuna aliyeona ubaya.

Lakini bintiye Atabo, wa miaka saba, alikuwa na shida. Tumbo lilimvimba upande wa kulia, pole pole, hadi likawa gumu. Majirani walitania kwamba mtoto anashiba mno. Akuwam hakucheka. Mikono na miguu ya Atabo ilikuwa imekonda.

"Kesho namwita mzee wa chuma cha moto," alisema Lotiir, mumewe. "Atoboe, uchafu utoke."

"Na akifa?"

Lotiir alitazama kando. Kumbe naye aliogopa.

Bahati nzuri, asubuhi gari la misheni lilifika. Wamisionari Wakatoliki wa Lodwar huzunguka vijijini wakitibu watu. Muuguzi wao, Bruda Firmin, alitoka Kongo. Shirika lake lilimtuma Turkana, na Kiswahili chake cha kwao kiliwachekesha kina mama.

"Ejok, mama!" alisalimia kwa Kiturkana. "Mtoto iko na nini?"

Akuwam alimweleza yote, hata habari ya chuma. Bruda aliligusa tumbo, akaacha utani.

"Msithubutu kutoboa! Nadhani ndani kuna mfuko wa maji. Ukipasuka, mtoto anaweza kufa."

"Nani amemroga?" aliuliza Lotiir.

"Hakuna. Mkichinja mbuzi, huwa mnakuta vifuko vya maji kwenye maini?"

"Mara nyingi."

"Maini hayo mnayapeleka wapi?"

"Tunampa mbwa. Mtu atakula hayo?"

"Kosa ni hapo. Ndani ya vifuko kuna vijidudu. Mbwa akivila vibichi, vinakuwa minyoo tumboni mwake. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi. Mbwa anajilamba, mayai yanabaki mdomoni na kwenye manyoya. Halafu anamlamba mtoto, analamba sufuria. Mtoto anameza mayai, na mfuko unaota ndani yake."

Lotiir alirukia mkuki wake. "Huyo mbwa atanitambua leo!"

"Weka chini, Lotiir. Mbwa alikula alichopewa. Nani alimpa?"

Lotiir aliona haya, akaushusha mkuki.

"Na maji ya kumwosha mtoto nitatoa wapi?" aliuliza Akuwam.

"Kikombe kimoja na sabuni kidogo, mama. Hicho hutakosa."

Atabo na mama yake walipanda gari hadi Lodwar. Hospitalini Atabo alipigwa picha ya tumbo, na mfuko ukaonekana kwenye ini. Siku ya upasuaji Akuwam alikaa nje. Alijilaumu, akaomba, akajilaumu tena. Daktari alipotoka na kusema mtoto yuko salama, Akuwam alilia mbele za watu wala hakujali.

Waliporudi nyumbani, mambo yalibadilika. Mbwa alipewa dawa ya minyoo na mtu wa mifugo, na hupewa tena kila inapotakiwa. Siku ya kuchinja hufungwa mbali. Maini yenye vifuko huchomwa hadi yawe majivu. Watoto huoshwa kwa maji, na wote hunawa mikono kabla ya kula. Atabo alimeza dawa zake hadi zikaisha. Akanenepa, akaanza kuchunga mbuzi.

Siku moja jirani yao Emanikor alichinja mbuzi. Akashika ini lenye vifuko, tayari kumrushia mbwa wake.

"Usimpe! Lichome!" alipaza sauti Akuwam.

"Haya mapya! Nani amekufundisha?"

Akuwam alimwita Atabo. Akamwinulia shati, kovu refu likaonekana.

"Huyu," alisema.

Emanikor alilitazama kovu. Kisha akamtazama mwanawe mdogo aliyeketi karibu na mbwa. Akalitupa ini motoni, akaenda kumbeba mtoto.