Kibodi ya Makongoro

Kibodi mpya ilikuwa na joto. Yuliana aliondoa mkono akadhani ni jua, kwa kuwa alikuwa ametoka nayo Musoma mchana uleule hadi nyumbani kwake Butiama.

Kompyuta yenyewe, ya mpakato, ilikuwa ya shemeji yake, Makongoro, aliyefukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu Buhemba. Mwili haukupatikana. Prosper, mume wa Yuliana, alikuwa bado hukohuko akichimba kumtafuta kaka yake. Mashine ilikuwa mtumba wa Ubelgiji, herufi zimepangwa Kifaransa, na Makongoro aliizoea hivyo, hakutaka iguswe. Yuliana ni mwalimu. Alishindwa kuandikia mitihani, A imekaa mahali pa Q. Fundi Machibya wa Mwigobero, hapo Musoma, akamfungia kibodi ya Kiingereza.

Jioni ile chumba kilinuka udongo mbichi. Mwanawe Clementi, wa miezi miwili, alianza kulia, akakataa ziwa. Mezani, vibonye vilishuka vyenyewe, kimoja kimoja, bila haraka.

Asubuhi aliirudisha kompyuta kwa fundi, mtoto mgongoni.

"Nilikufungia mpya, dada, sio ya kujiendesha," Machibya alitania, akaiwasha.

Vibonye vikashuka mbele yao. Kwenye kioo pakaandikwa: ;qkongoro

Machibya alipitisha vidole hewani juu ya kibodi.

"Anabonyeza kama bado ni ile ya zamani," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa palikuwaga M. Hapa A."

"Kwa hiyo anaandika nini?"

"Makongoro."

Akachomoa betri. Vibonye viliendelea kushuka.

Nyumbani, mama mkwe wa Yuliana, Nyamburi, alisikiliza mpaka mwisho.

"Anaomba jina," alisema.

Yuliana alielewa. Huku kwao mtoto akilia bila kukoma, hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, na likitajwa la yule anayemtaka, hunyamaza.

"Basi tumtaje, mama."

"Jina la aliyefukiwa bila kuzikwa huwa tunaliachaga. Huyo haji kukaa na mtoto. Anakuja kukaa mahali pa mtoto."

"Ni mwanao, mama."

"Ndiyo maana nakwambia."

Mtoto aliendelea kukataa ziwa, macho yakazama, zahanati wakamwekea dripu wakasema hawaoni ugonjwa, na kompyuta isiyo na betri ikaendelea kubonyea juu ya kabati, hata walipoifunika blanketi, hata walipoihamishia zizini, ambako ng'ombe waligoma kuingia, mpaka adhuhuri moja Yuliana, aliyekuwa hasikii tena woga wala usingizi, akaweka mdomo kwenye sikio la mwanawe na kusema, "Makongoro."

Mtoto akanyamaza. Akanyonya. Zizini nako kukawa kimya. Nyamburi alijifunika kanga usoni, akatoka nje.

Tangu hapo mtoto hajalia. Kliniki, nesi alimdunga chanjo pajani, akasubiri kilio, hakikuja. Akamminya kidole cha mguu. Hakuna.

"Huyu hasikii maumivu? Anaitwa nani?"

"Clementi."

Mtoto aliondoa macho kwa nesi, akamtazama Yuliana, kisha akatikisa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu mzima anayesahihisha.

Nesi alirudi nyuma hatua moja, kalamu mkononi.

"Andika Makongoro," alisema Yuliana, akamfunga mtoto mgongoni.