Miti Mia Moja na Kumi na Miwili

Jina la Chapuchapu hakupewa na wazazi. Alilitafuta mwenyewe kwa jasho. Alikuwa akimaliza chai wenzake wakiwa bado wanaipuliza, na muhula ule alikuwa amefika shuleni mara mbili na viatu vya kaka yake.

Asubuhi hiyo baba yake alirudi kutoka zamu ya usiku, nyusi zimejaa majivu. Alikuwa mchochea moto katika kituo cha umeme cha mji, ambako kuni huchemsha maji kwenye boila na mvuke ukazungusha mitambo.

"Shikamoo, baba. Leo umezeeka miaka ishirini," Chapuchapu alimtania akimmiminia maji.

"Marahaba. Ongeza maji basi, nirudi ujana." Lakini baba hakucheka sana. "Kuni zilizobaki ni za wiki tatu, mwanangu. Mkutano wa leo ukitunyima za msitu wa umma, boila zinazimwa nasi tunarudi nyumbani."

Mjadala huo ulikuwa umewagawa watu miezi mingi. Wengine walisema msitu ni wa wote, basi na uwape wote umeme. Wengine walijibu kwamba mti huota kwa miaka arobaini na boila huumaliza kabla ya chakula cha mchana. Mwishowe waliafikiana itolewe miti iliyokufa tu, kama ingetosha. Bwana Misitu, ofisa aliyeusimamia msitu, aliwapa wanafunzi eneo moja la mfano wahesabu wiki mbili kabla ya mkutano, ili msitu wote ukadiriwe kwalo.

"Kila mti ukwangueni gome kwa ukucha," aliwaagiza. "Chini pakiwa kijani, mti u hai. Pakiwa pakavu, fungeni utepe mwekundu."

Chapuchapu alikwangua mitano, vidole vikamuuma. Akatazama juu: matawi matupu, hata jani moja hakuna. "Mti usio na jani unahojiwa nini tena?" alijisemea, akaanza kufunga tepe mbio mbio. Alipata miti mia moja na kumi na miwili, akapigiwa makofi, akachaguliwa kuisoma hesabu hiyo mkutanoni.

Sasa alikuwa njiani kwenda mkutanoni na rafiki yake Swali, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kukosa moja. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Walipokatiza msituni, Swali alisimama chini ya utepe mwekundu.

"We, maiti wako huyu mbona anaota nywele?"

Chapuchapu aliinua macho. Vichipukizi vya kijani vilikuwa vimejaa tawi zima. Akakimbilia mti wa pili, wa tatu, wa kumi. Miti ile haikuwa imekufa. Ilikuwa imepukutisha majani kwa sababu ya kiangazi tu.

"Ulikwangua?" Swali aliuliza.

"Mitano."

"Utasema?"

"Nikisema, baba anakosa kazi."

Swali alimvuta mkono, wakaendelea na njia.

Ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Baba alikaa safu ya pili na wachochea wenzake. Chapuchapu alipoitwa, alikwenda mbele na karatasi ya hesabu. Kusoma namba ile kungechukua sekunde tano, naye kwa haraka hakuwa na mpinzani. Lakini alikunja karatasi.

"Hesabu hii si kweli. Sikukwangua miti yote. Mingi iko hai. Naomba nihesabu upya."

Wachochea waliguna. "Huyo si mtoto wako?" mmoja alimuuliza baba.

Baba alisimama polepole. "Ni wangu, tena kamili. Bwana Misitu, mpe wiki moja. Na wakati tukisubiri, mbona karakana za maseremala zinachoma maranda na vipande vya mbao jalalani? Si tuvilete kwenye boila?"

Wakakubaliana. Chapuchapu na Swali walirudi msituni wakakwangua mti baada ya mti, na Bwana Misitu akipita nyuma yao kuhakiki. Iliyokufa ilikuwa ishirini na sita. Kwa kadirio hilo, miti mikavu ya msitu wote, pamoja na mabaki ya maseremala, ilitosha kulisha boila moja kati ya mbili. Zamu za baba zilipungua, ila kazi ilibaki.

Jioni ya siku walipomaliza kuhesabu, Chapuchapu alimsogelea baba yake. "Baba, umenikasirikia?"

"Kwa ule uvivu wa kucha, ndiyo. Kwa kusimama mbele ya watu, hapana." Baba alivuta kiti. "Mimi siwezi kuingia ndani ya boila kuona mvuke umefika wapi. Nautegemea mshale wa geji, kile kipimo cha mvuke. Mshale ukinidanganya ili nifurahi, nitafurahi hadi boila ilipuke. Anayewahesabia wenzake ndiye geji yao. Akikosea, aseme mapema. Akinyamaza, kosa linageuka uongo."

Kisha akamshika mkono, akazitazama kucha zake zilizojaa weusi wa magome.

"Haya, leo zamu yangu kukumiminia maji," alisema. "Na usifanye haraka. Sugua moja moja."