Gari Lililolala Mteremkoni

Ndugu wasomaji, naitwa Limbu. Nina miaka hamsini na mitatu na ninaishi nje kidogo ya mji wa Bariadi. Nina mke mwema na watoto. Mke wangu anajua kwamba ninayaandika haya, na amesema niyaandike tu, pengine nitapumua.

Mchumba wangu wa kwanza nilimpoteza kwa sababu ya oili ya gari. Msicheke! Hata mimi kuna siku hucheka, kisha machozi yanafuata...

Baba yetu alifariki nikiwa bado kijana, mji wake ukabaki mikononi mwa kaka yangu Maduhu. Dada yetu alipoolewa, tukaletewa ng'ombe wa mahari. Kwetu Wasukuma ng'ombe wa dada ndio anaoolea kaka yake. Maduhu alikwisha kuoa, kwa hiyo wale ng'ombe walikuwa wangu. Nilimjua kila mmoja kwa rangi yake. Kule Nkoma kulikuwa na binti aitwaye Minza, tumeshapendana, na baba yake ameshakubali. Alichokuwa akingoja ni kuona ng'ombe wanaingia zizini kwake.

Ndipo ikaja ile miaka ya soko huria. Pamba ambayo tangu tupate akili ilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ikanunuliwa na kila mwenye mizani. Wanunuzi binafsi walimwagika vijijini, na mwenye gari akawa mfalme! Maduhu akaingiwa na tamaa. Akawauza ng'ombe wangu, akanunua lori kuukuu.

Akaniambia nivumilie misimu miwili tu, ng'ombe watarudi, tena na ndama juu. Dereva nitakuwa mimi mwenyewe. Ningekataaje? Alikuwa mahali pa baba. Nikakubali, nikamwomba Minza naye anisubiri. Akanisubiri, maskini.

Lori lile lilikuwa na stata iliyokufa. Ilibidi lilale kwenye mteremko nyuma ya nyumba, pua ikiangalia chini, ili asubuhi niliachie lishuke, nipachike gia, liwake. Wenye magari ya zamani wengi tulifanya hivyo, wala hakuna aliyeona ajabu.

Oili aliipima Maduhu mwenyewe. Hilo hakuniachia. Kila asubuhi, palepale mteremkoni, alichomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Kisha ananionyesha: imejaa! Kopo la oili alilifungia chumbani kwake.

Sasa siku moja nipo Nkoma, kwenye uwanja wa kununulia pamba. Pale ni tambarare tupu. Foleni ilikuwa ndefu, injini ikapoa kabisa; kuwasha ningesukumwa na wapakizi. Nikasema hebu niangalie oili. Nikachomoa kijiti... oili imegusa nchani tu! Nikashtuka. Nikafuta, nikarudia. Ni vilevile.

Jioni nikamwambia kaka kwamba nimepima kule Nkoma, gari linakula oili, tuongeze. Akakunja uso, akasema ataona asubuhi. Kulipokucha akaenda mteremkoni, akapima, akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani.

"Njoo uone! Hii ya jana uliyosema imeisha, imeota usiku kama uyoga?"

Kweli ilikuwa imejaa. Wiki iliyofuata nikapima tena Nkoma, nikaikuta iko chini. Nikaomba tena oili, na asubuhi tukaikuta imejaa! Mimi mwenyewe nilianza kujiogopa. Je, nimelogwa?

Maduhu hakuwaza uchawi. Alisema nataka oili nikawauzie madereva wa Maswa. Nikaapa kwa kaburi la baba. Mama akalia, akamsihi: "Maduhu, mwanangu, huyu hajawahi kuiba hata yai." Hakusikia. Akaninyang'anya ufunguo wa gari.

Hilo ningelisamehe siku ileile. Lakini kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja, alipanda baiskeli yake mpaka Nkoma, akamwambia baba yake Minza kwamba mimi nina mkono mrefu, naiba oili nauza, na kwamba ng'ombe wasitegemewe tena. Nani atamwoza mwizi binti yake?

Mpaka leo najiuliza... je, aliamini kweli kwamba mimi ni mwizi, au ilimfaa niwe mwizi ili asinirudishie ng'ombe wangu?

Nilikwenda Maswa kubeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nikiwa huko nikasikia Minza ameozwa kwa mtu wa kule Mwanhuzi. Nilikaa chini juu ya robota, sikubeba tena mpaka jioni. Wenzangu walidhani ni malaria.

Kazi yangu akapewa kijana mmoja aitwaye Jilala. Huyo alikuwa wa "ndiyo bosi". Kofia ya injini haifungui, oili haombi. Maduhu akamsifia kila mahali kwamba amepata dereva mwaminifu!

Haukupita muda mrefu. Lori likitoka Nkoma limejaa pamba, injini ikaanza kugonga, ikagonga, ikakamata. Moshi! Na mvua ikanyesha juu ya pamba ya watu. Likavutwa kwa trekta mpaka nyumbani, na kwa mazoea wakaliegesha palepale mteremkoni.

Mama ndiye aliyeniambia yaliyofuata, maana alikuwepo. Maduhu akachomoa kijiti. Imejaa! Akamgeukia Jilala, akamuuliza ni nani ameongeza oili njiani. Jilala akaapa hajagusa, akaapa kwa maneno yaleyale niliyoapa mimi. Ndipo Maduhu akakumbuka kwamba mimi nilikuwa nikipimia kule Nkoma, kwenye tambarare. Akaamuru wavute lori mpaka mbele ya zizi, mahali pa tambarare, oili itulie. Akapima. Imegusa nchani tu.

Lori lilelile, oili ileile! Gari likiinama mbele, oili nayo hukimbilia mbele kilipo kijiti, nawe unaona imejaa kumbe ni kidogo. Mama anasema Maduhu alikaa chini kwenye samadi, kijiti mkononi.

Alinifuata Maswa. Akasema, "Mdogo wangu, kumbe ni mteremko." Nikarudi kwenye marobota yangu. Ng'ombe hakuna, lori hakuna, Minza hayupo... anisamehe nini, nimsamehe nini?

Miaka mingi baadaye nilikutana na Minza mnadani Mwanhuzi. Tukasalimiana, "Mwadila," "Mwadila." Akaniuliza habari za mama. Halafu akashusha sauti.

"Limbu, hivi ile oili ulikuwa unaiuza kweli?"

Miaka yote ile! Kaka alipogundua ukweli alinifuata mimi. Kule alikokwenda na baiskeli kunichafua hakurudi kunisafisha. Nikamjibu hapana. Nilitaka kumweleza habari ya mteremko, lakini mumewe akamwita, akaenda.

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, nawaomba. Tafuta tambarare, zima injini, subiri oili ishuke, futa kijiti ndipo upime. Na kabla hujamwita nduguyo mwizi, tazama kwanza gari lako limesimama wapi. Ukishamchafua ukagundua umekosea, panda tena ile baiskeli. Nenda kaseme ukweli kwenye kila mlango ulikosemea uongo, kabla binti wa watu hajaozwa.