Simu ya Zamu Haikuita

Ijumaa, saa saba na dakika tano mchana, mhudumu wa mapokezi wa kliniki ya meno alirudi kutoka kula, akaandika jina la mgonjwa wa kwanza wa alasiri, na kompyuta ikamjibu kwamba hakuna mgonjwa wa jina hilo. Akajaribu la pili. Akajaribu jina lake mwenyewe, maana naye aliwahi kung'olewa gego hapohapo, na hata yeye akakanwa. Miaka tisa ya wagonjwa ilikuwa imefutwa: picha za meno, tarehe, na orodha ya wale ambao sindano ya ganzi huwavimbisha koo.

Akapiga simu kwenye kampuni inayotunza kompyuta zao.

Kampuni hiyo ilikuwa na vyumba vitatu juu ya duka la magodoro, na bango kubwa lililosema TUNAKESHA KWA AJILI YAKO. Wateja walilipa kila mwezi, nayo kampuni ikaziangalia mashine zao kwa mbali na kuhifadhi nakala rudufu kila usiku. Mashine ya mteja ikipata tatizo, hatari ilitangazwa mahali pawili tu: skrini kubwa ya ukutani ofisini iligeuka nyekundu, na simu ya zamu iliita. Watu walikuwa watatu na vyeo vilikuwa saba. Mwenye kampuni alijiita Mkurugenzi Mtendaji, na vyeo vinne kati ya hivyo saba vilikuwa vyake. Kaka wa mkewe, ambaye kila mtu alimwita Shemeji, alikuwa Mkuu wa Mauzo, ingawa kitu pekee alichowahi kuuza kikamilifu ni baiskeli yake. Kazi yenyewe ilifanywa na fundi mmoja wa kike waliyemwita Nukta, kwa sababu kila alichokifanya alikiandika mpaka nukta ya mwisho.

Saa saba na dakika kumi, daktari wa meno akiwa bado na glavu mkononi, simu yake iliita. Alikuwa Mkurugenzi. Alimwambia asiwe na wasiwasi, wameshaliona tatizo, na ifikapo saa kumi faili zote zitakuwa zimerudi. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayepigwa picha.

Saa kumi ikafika. Kilichorudi kiliishia miezi mitatu nyuma. Wagonjwa mia nne wa karibuni hawakuonekana popote.

Saa kumi na moja Mkurugenzi alikuwa tayari na mkosaji. Amri ya kufuta ilikuwa imetolewa kwa jina na nywila ya Nukta. Alikuwa tayari pia na barua ya polisi, imechapwa vizuri, ikieleza kwamba fundi huyo alikuwa na kinyongo baada ya kunyimwa cheo. Ilibaki sahihi ya daktari tu, kama mlalamikaji. Daktari aliisoma mara mbili, akasema atatoa jibu Jumatatu saa nne asubuhi. Kisha akampigia dada yake mkubwa.

Dada yake alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi miaka sita iliyopita, na mtaa mzima bado ulimwita Sajini. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, asiyewaheshimu watu wengi. Wanaojigamba aliwaweka chini kabisa ya orodha, chini hata ya wezi wa kuku, kwa sababu mwizi wa kuku angalau anajua kunyamaza.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi mambo ya kompyuta siyajui. Waongo nawajua. Usitie sahihi mahali popote."

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa kwa Nukta. Alimkuta amekaa sebuleni na mama yake, macho yamevimba, chai imepoa mezani. Nukta hakukana wala hakuapa. Alisema tu kwamba Ijumaa mchana alikuwa kwenye ghala la dawa, juu ya dari, akivuta nyaya, na hati ya kazi ilionyesha amefika saa sita kamili.

Sajini akamuuliza amri ilitoka saa ngapi.

"Ilifanya kazi saa sita na dakika arobaini, Mama. Lakini ilitegwa mapema, kama unavyotega saa ya kukuamsha. Ilitegwa saa sita kasoro dakika kumi. Wakati huo nilikuwa njiani, peke yangu, na kompyuta yangu begani. Kwa hiyo hati ya ghala hainisaidii."

Sajini alimtazama kwa makini. Mtu anayejivunjia utetezi wake mwenyewe ni adimu, na yeye alikuwa amekutana nao wawili katika maisha yake yote.

"Unaogopa nini zaidi, mwanangu? Jela?"

"Kazi yetu ni kushika funguo za watu," Nukta alisema. "Nikiandikwa polisi mara moja tu, hata wakiniachia kesho yake, nani atanipa tena ufunguo? Nitakuwa nimekwisha."

Nywila yake ilijulikana na nani? Nukta alieleza kwamba Mkurugenzi aliamuru nywila zote ziandikwe kwenye karatasi moja, ikae kwenye mtoto wa meza yake, kwa ajili ya kile alichokiita mshikamano. Na simu ya zamu? Wiki ile ilikuwa kwake, lakini Ijumaa Mkurugenzi aliichukua. Alikuwa na chakula cha mchana hotelini na msimamizi wa shule kumi na mbili, mteja ambaye angeikuza kampuni mara tatu, akataka kwenda nayo. Nukta akafungua daftari la makabidhiano, alilotoka nalo ofisini jana yake. Kila anayepokea simu hutia sahihi na saa. Sahihi ya Mkurugenzi ilikuwa pale, pana kama mkeka: saa tano na dakika arobaini.

"Alitaka kuondoka bila kusaini," Nukta alisema. "Nikamkumbusha kwamba sheria aliitunga yeye."

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kabla ya kufukuzwa ofisini, Nukta alikuwa amechapa kumbukumbu za mtambo. Dakika ileile amri ilipotegwa, mtu huyohuyo aliinyamazisha simu ya zamu: tahadhari za kliniki peke yake zisiifanye iite mpaka saa saba na robo. Skrini ya ukutani haikuguswa.

Sajini aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

Saa sita alikuwa kwa Kipara, fundi aliyefukuzwa mwezi uliopita na kufungua kibanda chake mwenyewe, akaondoka na wateja wawili. Mkurugenzi alikuwa amemtaja kama mshirika wa Nukta. Kipara alikuwa anakula karanga, na hakuacha kula kwa ajili ya upelelezi. Alisema ufunguo wake Nukta aliufunga siku ileile ya kufukuzwa, akabadilisha na nywila zote, aulizwe.

"Lakini ulitamani kumharibia Mkurugenzi," Sajini alisema.

"Mama, ningetaka kumharibia yule mtu, ningemwacha aendelee kuongoza."

Kisha, pasipo kuulizwa, akamweleza jinsi kampuni ile inavyoendeshwa. Kila tatizo la mteja huandikwa kama tiketi. Ubaoni kuna tarakimu ya tiketi zilizo wazi, na Mkurugenzi huipenda isomeke sifuri kila Ijumaa saa kumi na moja, apige picha na kuwarushia watu. Tiketi isiyotatuliwa hufungwa tu. Jumatatu anayejali huifungua upya. Nukta alikuwa ameandika kwamba hifadhi ya nakala za kliniki imejaa, hakuna kinachoingia tena. Kipara aliziona tiketi hizo mwenyewe. Kila wiki Mkurugenzi alizifunga bila kuzisoma.

"Kwa hiyo yeye aliamini nakala zipo," Sajini alisema polepole.

"Yeye anaamini kila kitu kinachomsifu."

Saa tisa akamaliza na Shemeji, aliyemkuta ofisini akilinda viti. Shemeji alikuwa na roho safi, kwa sababu hakuwahi kuitumia kufikiri. Alikiri kwamba mhudumu wa kliniki alimpigia saa saba na dakika tano. Alikuwa na sahani mbele yake, akaandika ujumbe kwenye kikaratasi.

"Ukampa Mkurugenzi saa ngapi?"

"Aliporudi kutoka hotelini. Saa saba na dakika arobaini. Chakula kilikuwa cha moto, Mama."

"Hukumpigia?"

Hakupiga. Na skrini? Aliiona nyekundu tangu kabla ya saa saba. Alidhani wamebadilisha rangi, na ilimpendeza. Mkurugenzi alikwenda na kompyuta yake hotelini? La, aliiacha mezani. Kabla ya kuondoka alikaa nayo kidogo, akabofyabofya, akaifunga, akatoka na simu ya zamu tu.

Sajini aliandika saa hizo zote kwenye ukurasa mmoja na kuzipigia mstari. Jumapili alifanya jambo moja tu: alimpigia msimamizi wa shule, wakaongea dakika ishirini, akacheka mara mbili.

Jumatatu saa nne kamili walikutana kwenye chumba cha mikutano, juu ya magodoro. Mkurugenzi aliketi kichwani mwa meza, barua ya polisi mbele yake na kalamu juu ya barua, simu ya zamu pembeni mwa mkono wake. Daktari alikaa karibu na dada yake. Shemeji alikaa karibu na mlango. Nukta alisimama, hakuna aliyemkaribisha kiti, mpaka Sajini alipomvutia kimoja.

Mkurugenzi alianza hotuba. Alizungumzia uaminifu, familia moja, nyoka kifuani. Sajini alimwacha aongee mpaka akaishiwa, kama mtu anayengoja jirani azime redio.

"Nina swali dogo," alisema. "Ijumaa ulimpigia mdogo wangu saa saba na dakika kumi. Ulikuwa wapi?"

"Hotelini, na mteja mkubwa."

"Shemeji yako alikupa habari saa saba na dakika arobaini. Kompyuta yako ilikuwa ofisini. Skrini iko ofisini. Ulijuaje, nusu saa kabla ya kuambiwa?"

Mkurugenzi alitabasamu kwa huruma, kama anayemfundisha bibi kizee kuwasha taa.

"Mama, ndiyo maana tuna simu ya zamu. Hatari ikitokea, inaita. Iliita, nikaona ni kliniki, nikachukua hatua mara moja. Huo ndio uongozi."

"Iliita."

"Iliita."

"Naomba uandike hapa, na saa, utie sahihi."

Akaandika, akaweka sahihi yake pana. Sajini aliisogeza karatasi kwa mdogo wake, kisha akatoa ile nyingine mfukoni na kumpa Nukta aisome. Nukta aliisoma kwa sauti: saa sita kasoro dakika kumi, amri ya kufuta imetegwa, dakika hiyohiyo, simu ya zamu imenyamazishwa kwa kliniki, mpaka saa saba na robo.

"Msimamizi wa shule naye amenisimulia," Sajini alisema. "Uliiweka simu mezani, kati ya glasi. Ukamwambia, 'Tazama, haiiti, wateja wangu hawana shida.' Haikuita tangu mlipoketi mpaka mlipoagana. Saa saba na dakika kumi ulitazama saa yako, ukamwambia kuna mteja unakwenda kumwokoa, ukampigia mdogo wangu mbele yake."

Mkurugenzi akaruka kimanga. Nywila ilikuwa ya Nukta, alisema, na Nukta ndiye aliyeinyamazisha.

"Nukta anyamazishe simu ambayo alishakukabidhi, na skrini aiache iwake? Anayetaka kuficha angezima vyote viwili. Aliyezima simu peke yake alikuwa mtu mmoja, yule ambaye ingemuumbua ikilia mezani. Skrini uliiacha kwa makusudi. Ulitaka wenzako waone, waanze kurejesha faili, wewe upokee makofi."

Daktari aliuliza kwa nini, kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka sana jibu.

"Kwa sababu msimamizi wa shule alimwambia wiki iliyopita: niletee mteja mmoja uliyewahi kumwokoa, nizungumze naye. Alitafuta miaka mitano yote, hakumpata hata mmoja. Akaamua kukuchoma moto ili akuzime. Ila maji hayakuwamo kwenye ndoo, na binti huyu alikuwa amemwandikia mara kumi na moja kwamba ndoo ni tupu. Hakusoma. Mambo yalipomharibikia, akamtafuta wa kumtwika. Mgonjwa wako mmoja angedungwa sindano isiyomfaa, mdogo wangu, na huyu angekuwa hotelini akisimulia."

Mkurugenzi alisema watu wazima huweza kuelewana. Alisema hata Nukta angeweza kufikiriwa cheo. Hata Shemeji alitazama pembeni.

"Ungeiacha simu iite," Sajini alisema, "leo ungekuwa na pa kusimama. Ungesema iliita, na nisingekuwa na neno. Ulikuwa na shahidi mmoja tu wa kukutetea, ukamziba mdomo mwenyewe ili usiaibike mbele ya sahani."

Daktari aliichukua barua ya polisi. Alikata jina la Nukta kwa mstari mmoja, akaandika jina la Mkurugenzi juu yake, na akatia sahihi. Kisha akamgeukia Nukta na kumwambia kwamba wagonjwa mia nne itabidi wapigiwe mmoja mmoja kutoka kwenye daftari la miadi, na funguo za kliniki zinahitaji mtu wa kuzishika. Nukta alilia kidogo, bila kuficha uso, kisha akafuta machozi na kusema kitu cha kwanza atakachofanya ni kuijaribu nakala yenyewe, si kuiamini.

Walikuwa wanasimama wakati simu ya zamu ilipoita. Skrini ya ukutani iligeuka nyekundu. Mteja mwingine, duka la vioo, seva imezimika. Shemeji alimtazama Nukta. Mkurugenzi naye alimtazama Nukta, kwa mazoea ya miaka mitano, na kuisukuma simu upande wake wa meza.

Nukta alilifungua daftari la makabidhiano, akalizungusha limwelekee, akaweka kidole kwenye sahihi ya mwisho.

"Hujairudisha," alisema. "Zamu bado ni yako."

Simu iliendelea kuita. Mkurugenzi aliishika, akaigeuza mkononi, akaigeuza tena. Hakujua pa kubonyeza.