Visanduku vya Haika

Kila Jumamosi jioni Aikaeli, mama yake Haika, hupika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Hununua ndizi mbichi sokoni Woolwich, akazimenya karibu na dirisha, huku binti yake akifanya homework mezani. Haika ana miaka tisa na amezaliwa London. Kiswahili anakielewa vizuri, ila ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza.

Aikaeli aliipenda saa ile kuliko saa zote za wiki. Siku nyingine alikuwa kazini, akiwahudumia wazee, na mtoto alimwona kwa kupishana mlangoni. Kwa hiyo Jumamosi alitaka kumpa mwanawe kitu alichotoka nacho nyumbani, Machame, Kilimanjaro. Kitu chenyewe kilikuwa hesabu.

"Sisi tebo tuliziimba," alimwambia. "Asubuhi, baridi kali, mikono kwapani. Mwalimu Faustine anagonga meza. Saba mara saba? Arobaini na tisa, darasa zima. Mpaka leo niamshe usingizini, nitakujibu."

Alisimama na ndizi mkononi, akizikumbuka sauti zile. Wengi wa wale watoto hajui waliko.

Jumamosi moja alichungulia daftari la Haika. Hesabu ilikuwa 24 mara 13, na mtoto alikuwa amechora kisanduku kikubwa, akakigawa vinne. Kule Machame, kuchora kwenye daftari la hesabu kulikuwa utundu, na utundu ulikuwa na fimbo yake. Aikaeli akachukua raba, akafuta vyote.

"Hesabu hazichorwi," alisema. "Zidisha kwa 3. Shuka chini, ruka nafasi moja, zidisha kwa 1. Halafu jumlisha."

"Kwa nini naruka nafasi?" Haika aliuliza kwa Kiingereza chake.

"Ndivyo inavyofanywa."

Haika aliandika kama alivyoambiwa. Jibu likatoka 312, na lilikuwa sahihi. Aikaeli akarudi kwenye sufuria yake, moyo umetulia.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Kisha siku moja mwalimu wa Haika akapiga simu. Alisema mtoto ameacha kuzungumza kwenye kipindi cha hesabu. Majibu yake ni sahihi, lakini akiulizwa ameyapataje, huinama tu. Tena amewaambia wenzake kwamba yeye hana akili ya hesabu.

Maneno hayo yalimchoma Aikaeli. Alishuka ngazi hadi kwa jirani yake, Usha. Usha alizaliwa Moshi, akaja London, akafundisha hesabu mpaka akastaafu. Jengo zima humwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Haika. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Aikaeli alimweleza yote. "Ni hizi hesabu zao za kuchora-chora," alimalizia. "Zetu zilikuwa na ubaya gani?"

Usha alicheka. "Mtaala ulipobadilika hata mimi nilinuna. Nilisema mimi mtu mzima, sibadiliki. Sasa nikuulize. Ile nafasi tunayoruka, tunairuka kwa nini?"

Miaka yote Aikaeli ameiruka, wala hakuwahi kuuliza.

"Usione haya," Usha alisema. "Sisi tulifundishwa kupata jibu. Siku hizi mtoto anatakiwa apate jibu na aweze kulieleza. Kile kisanduku ndicho kinachomwonyesha namba zimekaaje. Ukikifuta, darasani ataeleza nini?"

"Kwa hiyo nimemharibia mwanangu."

"Hujamharibia. Njia yako nayo wanaifundisha, ila inakuja baada ya kuelewa. Na tebo bado wanatakiwa wazijue kichwani, kwa hiyo endeleeni kuimba. Lakini kwanza mwambie yeye akufundishe."

"Mimi nikae, mtoto anifundishe?"

"Kaa. Na mtori ukiiva, unikumbuke."

Jumamosi iliyofuata Aikaeli aliweka kisu chini, akavuta kiti. Ilikuwa vigumu kusema, lakini alisema.

"Haika, nilikosea kufuta michoro yako. Nionyeshe inavyofanya kazi."

Haika alimtazama kwa wasiwasi. Kisha akachora polepole. Juu aliandika 20 na 4. Pembeni akaandika 10 na 3. Akazidisha na kujaza ndani: 200, 40, 60 na 12. Akajumlisha, akapata 312.

Aikaeli aliikazia macho ile 10.

"Kumbe ile 1 ya kwenye 13 siyo moja," alisema. "Ni kumi. Ndiyo maana tunaruka nafasi."

"Yes, Mum," Haika alijibu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitabasamu juu ya hesabu.

Machozi yalimlenga Aikaeli. Alitamani darasa lake lote la Machame lingekuwa pale mezani, hata Mwalimu Faustine, walione jambo hili pamoja.

Tangu siku hiyo tebo zikawa za wakati wa kumenya ndizi, na visanduku vikawa vya mezani. Baada ya muda mwalimu alipiga simu tena. Haika alikuwa ameinua mkono, akaenda mbele, akawaeleza wenzake hesabu nzima.

Jumamosi hiyo hesabu ilikuwa 36 mara 12. Aikaeli aliona kosa mapema: kwenye 30 mara 2, Haika aliandika 6 badala ya 60. Ulimi ulimwasha. Haika akajumlisha, akapata 378, akasita.

"Haika, hapo kwenye..."

"Usiniambie, Mama," Haika alisema, safari hii kwa Kiswahili, kalamu juu. "36 mara 10 peke yake ni 360. Bado 36 mbili. Lazima ipite 400."

Aikaeli akamsubiri mwanawe alitafute kosa mwenyewe.